Simulesheni ya tanki na pampu inaganda: kosa langu, la solva au la lugha yenyewe?

#1 kisima_kirefu
Wakuu habari za jioni. Nina kitu kinaninyima usingizi wiki ya pili hii. Natengeneza simulesheni (kuigiza mfumo kwenye kompyuta) ya maji ya shule moja, kuna kisima kirefu, pampu inatoa lita 0.83 kwa sekunde, tanki la lita 5000 liko juu ya mnara, matumizi ni wastani wa lita 0.3 kwa sekunde. Kina cha maji kinapanda na kushuka taratibu, hiyo ni milinganyo tofautishi ya kawaida tu tuliyosoma mwaka wa pili. Ila pampu haijui taratibu, ni imewaka au imezima.

Nimetumia mojawapo ya hizi lugha za milinganyo (wewe unaandika milinganyo, kompyuta inaitatua), nikaandika mstari mmoja: pampu iwake maji yakiwa chini ya mita 1.8. Naanzia mita 1.2, maji yanapanda vizuri, grafu imenyooka kabisa, ikifika kama dakika ya 48 maji yanagusa 1.8 na hapo ndo mwisho wa safari. Feni ya laptop inaunguruma, saa ya simulesheni imesimama, ikisogea inasogea kwenye tarakimu ya tisa baada ya nukta. Nimeiacha usiku kucha, asubuhi nimeikuta palepale.

Sasa hizi lugha si zimetengenezwa makusudi kwa mifumo ya hivi, nusu inatiririka nusu inaruka? Inakuwaje zinashindwa na kitu ambacho floti (swichi inayoelea majini) ya bei chee inakiweza kila siku? Mimi naona lugha ndo imekosewa, sio solva (ile programu inayotatua milinganyo hatua kwa hatua), ila nko tayari kusahihishwa.

#2 mpita_njia77
Nimekaa siti ya mbele, uzi mtamu huu.

#3 kontakta_ya_tatu
Mkuu mimi si mtu wa kompyuta, mimi fundi umeme, nafunga mota za visima mwaka wa kumi na moja huu. Hiyo simulesheni yako haijakudanganya. Hicho kitu nimekiona kwa macho.

Kuna mahali niliitwa wanasema mota inaunguza kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) kila baada ya wiki mbili. Nafika, nafungua boksi, nasikia ta-ta-ta-ta-ta kama cherehani. Mtu aliyefunga mwanzo aliweka probu moja tu ya kuonja maji, tena karibu na bomba linapoingilia. Maji yakifika kwenye probu kontakta inaachia, wimbi likishuka inavuta, wimbi likipanda inaachia. Nilipoitoa, ncha za shaba zilikuwa nyeusi zimekula mashimo na koili inanuka vanishi iliyoungua. Tatizo ni lilelile lako, umempa mpaka mmoja usio na unene. Kuwasha ni 1.8, kuzima ni 1.8, sasa akae wapi?

Floti ya kawaida haina shida hiyo kwa sababu ya umbo lake. Siku moja nilichukua iliyokufa nikaikata kwa msumeno. Ndani kuna gololi ya chuma na swichi ndogo. Floti ikiinama gololi inabiringika upande mmoja inabonyeza, ikiinuka inabiringika kurudi. Na kwenye waya kuna kile kidude kizito, umbali kutoka kwenye kidude hadi kwenye floti ndo unaamua maji yashuke kiasi gani kabla haijapinduka. Kwenye tanki kama lako naacha kama sentimita 40. Kwa hiyo inazima juu, inawasha chini, katikati inakumbuka ilivyokuwa.

#4 kisima_kirefu
Daah fundi umenifumbua macho. Sasa hiyo "katikati inakumbuka ilivyokuwa" naiandikaje? Maana mlinganyo haukumbuki, mlinganyo unajua sasa hv tu.

#5 mlinganyo_mmoja
@kisima_kirefu umegusa penyewe hapo. Kwenye Modelica, mojawapo ya hizo lugha, kuna neno `pre`, maana yake "thamani iliyokuwepo kabla tu ya tukio". Andika hivi (h ni kina cha maji, `or` ni au, `and` ni na):

`pampu = h < 1.4 or pre(pampu) and h < 1.8;`

Isome polepole. Maji yakiwa chini ya 1.4 pampu inawaka bila mjadala. Kama ilikuwa inawaka na bado hayajafika 1.8, iendelee. Vinginevyo izime. Hiyo `pre` ndo gololi ya fundi.

Kipenyo cha tanki ni ngapi? Kama mita 1.8 basi eneo ni mita za mraba 2.54 hivi, sentimita 40 ni kama lita 1000. Kujaza utapata dakika 32, kushuka dakika 56.

#6 kisima_kirefu
Kipenyo ni hichohicho 1.8. Nimejaribu sasa hv, inakimbia siku nzima ya simulesheni chini ya sekunde moja, kujaza dakika 32 kushuka 56 na ushee. Shukrani sana @mlinganyo_mmoja na fundi. Ila swali langu la lugha liko palepale, kwa nini ilikubali mstari wangu wa kwanza bila kusema neno?

#7 dada_wa_kontrol
Nataka niwapinge kidogo, mmempa mgonjwa dawa na ugonjwa hamjautaja.

Ule mstari wa kwanza una jibu, tena jibu zuri. Pampu inatoa 0.83, matumizi 0.3, ukiwasha na kuzima haraka mno maji yanabaki kwenye 1.8 kabisa na pampu inakuwa imewaka kwa wastani wa asilimia 36 ya muda, yani 0.3 ugawe kwa 0.83. Hesabu hii ipo muda mrefu, mwanahisabati Filippov wa Urusi aliishughulikia, mfumo unateleza juu ya mpaka. Kwa hiyo mlinganyo haujakosea. Solva inajaribu kuhesabu kila kuwaka na kila kuzima wakati ilitakiwa itambue kwamba tunateleza na ibadilishe mlinganyo.

Na msiseme kila mahali tuweke pengo kati ya kuwasha na kuzima. Breki ya baiskeli ina pengo gani? Msuguano mkavu unageuka upande papohapo mwendo ukigeuka. Huko ukiweka pengo unadanganya fizikia. Mimi naona lugha nzuri ingekuwa na namna ya kusema "hapa panaweza kuteleza".

#8 kontakta_ya_tatu
Dada asilimia 36 kwenye karatasi sawa, ila mota ya kisima ukiiwasha mara nyingi kwa saa unaiua. Mteja atanitafuta mimi, Filippov hatamtafuta.

#9 dada_wa_kontrol
@kontakta_ya_tatu hahaha kwa mota nakubaliana na wewe mia kwa mia. Nazungumzia lugha.

#10 babu_fortran
Vijana, mnaongea kana kwamba hili limeanza na Modelica mwaka 1997. Tatizo la kuchanganya kinachotiririka na kinachoruka lina zaidi ya miaka hamsini. Kulikuwa na kambi mbili zisizoongea. Upande wa foleni na viwanda, yani vinavyoruka, kulikuwa na lugha ya GPSS ya Geoffrey Gordon pale IBM mwaka 1961, na Simula ya Dahl na Nygaard kule Oslo. Upande wa milinganyo kulikuwa na CSSL, mapendekezo ya kiwango cha lugha za simulesheni, ya mwaka 1967. Pritsker kule Marekani akaja na lugha ya GASP IV miaka ya 70 kuunganisha kambi zote. Halafu Elmqvist wa Lund, Sweden, akaandika lugha ya Dymola mwaka 1978 kwa ajili ya mifumo mchanganyiko.

#11 mlinganyo_mmoja
Babu heshima yako, sahihisho mawili. GASP IV haikuwa lugha yenye kompaila (programu ya kutafsiri unachoandika) yake, ilikuwa mkusanyiko wa subroutini (vipande vya programu vilivyo tayari) za FORTRAN, lugha ya zamani ya hesabu, unaandika FORTRAN yako unaziita. Na Dymola ya 1978 ilikuwa ya mifumo inayotiririka tu. Aliyeandika tasnifu ya mchanganyiko wenyewe ni Cellier, chuo cha ETH Zürich, 1979. Walikuja kukutana baadaye, mwaka 1993 Elmqvist, Cellier na Otter wakaeleza namna ya kuingiza matukio kwenye lugha ya milinganyo. Yale ndo yameingia Modelica.

#12 babu_fortran
Sahihisho la Dymola nimelipokea. La GASP IV tubaki hapohapo, kwetu sisi subroutini zikiwa na nidhamu yake ile ni lugha.

#13 kinu_cha_namba
Mimi nalaumu solva na sio lugha. Mnajua inavyofanya kazi? Inapiga hatua, tuseme kutoka dakika 47 hadi 49, halafu inaangalia `h - 1.8` imebadilika ishara au bado. Ikibadilika inarudi nyuma kutafuta sekunde halisi, inagawa katikati inagawa tena hadi ikamate. Hapo inasimama, inabadilisha pampu, inaanza upya na hatua ndogo sana. Sasa kwa jamaa, ikianza upya tayari iko kwenye mpaka, tukio jipya linakuja papo hapo, inarudi tena kutafuta, kila mara inaanza na hatua ndogo. Ndo maana feni inaunguruma. Lugha imesema ukweli, solva ndo haina akili ya kujua kwamba imefanya hivyo mara mia mfululizo.

Na upande wa pili wa shilingi, ukiweka hatua kubwa maji yakapanda yakashuka ndani ya hatua moja, ishara mwanzo na mwisho ni ileile, tukio linapotea kabisa na hakuna atakayekuambia.

#14 kisima_kirefu
@kinu_cha_namba kumbe programu niliyotumia ilitoa onyo, nimerudi kwenye logi nimeliona, inasema matukio 100 mfululizo ndani ya muda mdogo kuliko hatua. Lilikuwa limefukiwa chini ya mistari mingine mia tatu.

#15 mpira_wa_zeno
Kama mnataka kuona lugha ikipigwa chini kabisa chukueni mpira unaodunda, sio tanki. Uachie kutoka mita 1, kila ukigusa sakafu unarudi na asilimia 80 ya kasi. Unagusa mara ya kwanza sekunde 0.45, mara ya pili 1.17, midundo inazidi kukaribiana, na ukijumlisha yote, midundo isiyo na idadi, inaisha kwenye sekunde 4.06. Idadi haina mwisho ila muda una mwisho. Kama lile fumbo la Mgiriki Zeno, mkimbiaji asiyemfikia kobe.

Kompyuta inafanya nini hapo? Inafukuzana na midundo hadi desimali zinaisha, halafu unaona mpira unapenya sakafu na kushuka zake chini moja kwa moja kama jiwe kisimani. Nlipoiona mara ya kwanza nlijua nimekosea kuandika, nikahangaika nayo siku tatu. Haikuwa kosa la kuandika (h hapa ni kimo cha mpira). `when h <= 0` inasubiri sharti ligeuke kutoka uongo kuwa kweli, na mpira ukishapenya sharti ni kweli muda wote, haligeuki tena, kwa hiyo hakuna wa kuurudisha.

Tiba yake ni kusema wazi kwamba kasi ikiwa ndogo kiasi fulani mpira umelala. Yani hali mbili, unaruka au umelala.

#16 siri_ya_when
@mpira_wa_zeno hiyo `when` imenikosesha alama na mimi. Nlianza simulesheni tanki likiwa limejaa kupita mpaka, nikaandika `when h > 1.8` pampu izime. Ikawa inapampu tu maji yanamwagika, kwa sababu mwanzo tayari ni kweli, haijawahi "kuwa" kweli. Hadi nilipoongeza `initial()`, yani "hata mwanzoni kabisa", kwenye sharti. Kwa Kiswahili tungesema `if` ni "ikiwa" na `when` ni "pindi inapotokea", wanaoanza wanaona ni kitu kimoja.

#17 nimeganda_linkoping
Salamu kutoka Sweden, nasoma Linköping, ndo nyumbani kwa OpenModelica, programu huria ya Modelica, kwa hiyo mada hii tunakula nayo chakula cha mchana. Huku baridi imeanza.

Swali la jamaa la #6 halijajibiwa bado, kwa nini lugha ilikubali. Kuna watu wa Paris, Bourke na Pouzet, walitoa lugha inaitwa Zélus mwaka 2013. Wametoka kwenye ukoo wa Lustre, zile lugha za Ufaransa za mitambo inayoenda kwa mapigo ya saa. Wao wanasema kompaila ijue kila kitu ni cha aina gani, hiki kinatiririka, hiki kinaruka, na ukivichanganya bila kutaja tukio linalounganisha, programu inakataliwa kabla haijaanza kukimbia. Mfano ukiweka kihesabu kinachoongeza moja "kila mara" ndani ya sehemu inayotiririka, kila mara ya nani? Ya solva. Ukibadilisha usahihi wa solva jibu linabadilika. Zélus inakikataa kihesabu hicho. Modelica nayo iliongeza saa na mashine za hali (mfumo uko kwenye hali moja kati ya chache) kwenye toleo la 3.3 mwaka 2012, inaelekea hukohuko.

#18 dada_wa_kontrol
@nimeganda_linkoping nzuri, lakini hiyo isingemsaidia @kisima_kirefu. Mstari wake una tukio halali kabisa, maji kuvuka 1.8. Aina zote ziko sawa na bado ungeganda. Kujua mapema kama mfumo utateleza au la, kwa ujumla hakuna kompaila inayoweza.

#19 nimeganda_linkoping
Kweli, hapo umenishika. Inazuia aina moja ya kosa, ya kwake sio hiyo.

#20 maboksi_na_mishale
Mimi nashangaa kwa nini mnajitesa. Chora maboksi na mishale, boksi la pampu, boksi la tanki, boksi la swichi lenye kuwasha na kuzima yamewekwa tayari, unaunganisha unabonyeza. Nimefanya hivyo miaka sita kiwandani na sijawahi kuganda.

#21 mlinganyo_mmoja
@maboksi_na_mishale hujaganda kwa sababu aliyetengeneza boksi la swichi alikuwekea pengo. Umekopeshwa gololi ya fundi.

Halafu mishale ina bei yake. Mshale unasema nani anamlisha nani. Sasa chukua swichi ya umeme. Ikifungwa, volti kati ya ncha zake ni sifuri na mkondo ndo unatafutwa. Ikifunguliwa, mkondo ni sifuri na volti ndo inatafutwa. Mshale umegeuka katikati ya safari! Utachora wapi? Kwenye lugha ya milinganyo unaandika mstari mmoja (i ni mkondo, v ni volti):

`0 = if wazi then i else v;`

na kompaila inatafuta nini kihesabiwe kwanza. Hili ndo wazo la Elmqvist tangu 1978, mtu aandike fizikia, mpangilio wa hesabu uwe kazi ya mashine.

#22 chaji_kontrola
Lakini mkuu huo mstari nao una mtego, nafanya mifumo ya sola naujua. Weka dayodi (inapitisha umeme upande mmoja tu) mbili na kapasita (inatunza chaji), kila dayodi ikifunga au kufungua idadi ya vitu vinavyotiririka kwa uhuru inaweza kubadilika. Kapasita mbili zikiunganishwa ghafla sambamba zinakuwa na volti moja, mmoja kati ya milinganyo yako miwili umekufa. Kompaila nyingi zinapanga hesabu mara moja tu mwanzoni, sasa mfumo ukibadilika umbo katikati zinakwama au zinagawa kwa sifuri. Wengi tunaweka ukinzani mdogo wa uongo kwenye dayodi ili mambo yaende, halafu solva inakuwa nzito kwa sababu umeingiza mwendo wa kasi mno ambao haukuwepo. Kwangu mimi hili ndo donda lenyewe la hizi lugha, tanki ni mafua.

#23 mwana_wa_kamusi
Naomba nitoke nje ya mada kidogo. Nimependa mnavyosema "kinachotiririka" na "kinachoruka", hebu tuyashike maneno hayo. Vitabuni naona "endelevu" ila siku hizi endelevu imeshakuwa maendeleo na mazingira, ukisema "mfumo endelevu" mtu anafikiria miti.

#24 babu_fortran
"Mfululizo" je?

#25 mwana_wa_kamusi
Mfululizo kwa wengine ni moja-mbili-tatu, yani kinyume kabisa. Hata humu @kinu_cha_namba kasema "mara mia mfululizo" akimaanisha matukio yanayofuatana.

#26 kinu_cha_namba
Nimekamatwa. Kinachotiririka na kinachoruka nimepitisha.

#27 kontakta_ya_tatu
Wasomi, nimewafuata hadi kwenye dayodi. Mnagombania lugha, ila mimi naona model ya kijana bado haina kitu muhimu. Umeme ukikatika je? Huku kwetu ukirudi, kwa wakati mmoja kabisa vinatokea vitatu: umeme umekuja, floti inasema maji yako chini, na kifaa cha kulinda pampu isizunguke kavu kinasema subiri dakika tano kisima kijae. Nani anasikilizwa kwanza? Kwenye boksi najibu kwa waya, naunga kinga mfululizo na floti, yeyote akikataa mota haiwaki. Huko kwenye kompyuta mnajibuje?

#28 mlinganyo_mmoja
Swali zuri kuliko la kwanza. Modelica inasema matukio ya sekunde ileile ni milinganyo ya pamoja, hakuna wa kwanza, inazungushwa hadi `pre` ya kila kitu ilingane na thamani yake mpya, muda ukiwa umesimama. Ukiandika `mota = umeme and floti and not kinga` ni waya wako wa mfululizo haswa.

#29 nimeganda_linkoping
Na wengine hawakubali hivyo. Kwenye Ptolemy II, programu ya simulesheni ya chuo cha Berkeley, wakati una namba mbili, sekunde na hatua ndani ya sekunde hiyo, kwa hiyo kuna wa kwanza na wa pili hata kama saa haijasogea. Wao wanasema chanzo na matokeo visichanganywe eti kwa sababu saa ni moja.

#30 dada_wa_kontrol
Mimi niko na Berkeley kwenye hili. Fundi hapo #3 kasikia ta-ta-ta, kila ta ina iliyoitangulia.

#31 mlinganyo_mmoja
Kila ta ilikuwa na muda wake dada, kontakta inachukua milisekunde kadhaa kuvuta. Zile hazikuwa sekunde moja.

#32 kisima_kirefu
Naweka matokeo kabla sijalala. Nimeongeza umeme kukatika saa 12 jioni na kurudi saa 3 usiku, na kinga ya dakika tano kama fundi alivyosema. Jibu la `and` limefanya kazi. Ila nilipoandika kinga ianze kuhesabu "pindi mota inapotaka kuwaka" na mota iwake "pindi kinga inapomaliza", kompaila imekataa kabisa inasema kuna mzunguko wa thamani za kweli na uongo haiwezi kuutatua. Nikiweka `pre` upande wa kinga inakubali, nikiweka upande wa mota inakubali pia, ila naona kabisa grafu za namna hizo mbili hazilingani pale umeme unaporudi. @kontakta_ya_tatu kwenye boksi lako halisi, kati ya hivyo viwili, kipi kinachelewa?

#33 kontakta_ya_tatu
Kesho nina kazi ya kisima saa mbili asubuhi, boksi lake lina kinga ya aina hiyo. Nitachukua video ya simu ile ya mwendo polepole, nione kipi kinavuta kwanza, nakuja nayo hapa.